Vichwa Vilivyofumba Macho

Changamwe nzima, na anayebisha aje tubishane, hakuna anayechora vibao vya kinyozi kama yule mwanajeshi mstaafu wa nyuma ya maghala. Denge, panki, kipara, vyote anavitoa hadi mtu atamani kupapasa kibao. Anaishi peke yake, chai anapika ya kikombe kimoja, na lori likipita ukuta ukatetemeka, huinua brashi akasubiri pawe kimya kabisa. Ila vichwa vyake vyote, kuanzia cha kwanza, vimefumba macho.

"Shikamoo, ami," Sufyan kinyozi alimwambia juzi, amekuja kuchukua kibao chake. "Hawa wafumbue, wallahi! Watu wataniuliza kama nanyoa ama naosha maiti."

Mzee hakucheka. "Hawa ni wenzangu tuliokuwa nao vitani Somalia," akasema. "Niliwafumba macho mwenyewe, kwa vidole hivi. Kuwafumbua siwezi."

Sufyan, ambaye mdomo wake unajulikana hadi Mikindani, alikirudisha kibao chake ukutani. Kisha akavuta ndoo ya rangi, akaikalia. "Basi nichore mimi, ami. Mimi bado naona."

Mzee akamchora nywele, masikio, hata kovu la shavuni. Kwenye macho mkono ukagoma. Akapumua, akajaribu tena, na jicho moja likatokea wazi, likimtazama. Akaweka brashi chini.

"La pili uje kesho," akasema. "Na usichelewe."