Sanduku Lililotangulia

Henri Sikuli alikuwa fundi wa masanduku. Angeweza kutengeneza meza na vitanda, lakini hakuna aliyemwita kwa kazi hiyo. Waliomwita ni Wazungu waliomaliza muda wao Goma na kurudi kwao. Mzungu alikaa miaka mitatu, likizo yake ya Ulaya ikafika, naye Sikuli akaingia nyumbani mwake na mbao, misumari na mabati membamba ya zinki. Kati ya mwaka 1949 na 1957 alifungasha nyumba zaidi ya sitini. Hakuna kikombe kilichofika Ubelgiji kimevunjika kwa uzembe wake. Sisemi hivyo kwa kukisia. Niliishi jirani naye katika mtaa wa Birere, na barua za shukrani zilizokuja kwa bwana wake, mwenye kampuni ya uchukuzi, nilizisoma kwa macho yangu.

Kazi ile ina kanuni zake, naye alizishika kama mtu anavyoshika katekisimu. Sahani hazilazwi; husimamishwa kwa ukingo. Kila kikombe huvikwa majani makavu ya migomba, kwa sababu karatasi ya gazeti huacha wino na nyasi huleta wadudu. Nguo za sufu hulazwa pamoja na majani ya tumbaku ili nondo wasizile. Zinki huchomelewa kwa risasi iliyoyeyushwa pande zote, unyevu wa bahari usipate pa kupita. Juu ya yote, mizigo mizito hutangulia. Sanduku liondoke wiki sita kabla ya mwenyewe, maana lori, treni na meli haviendi mwendo wa mtu, na si vizuri mtu afike kwake akute nyumba tupu.

Kanuni hii ya mwisho Sikuli aliipenda kuliko zote, na ndiyo iliyomponza.

Kwao ni Lubero, juu milimani, ambako ukungu huingia nyumbani asubuhi bila kubisha hodi. Alishuka Goma akiwa kijana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaoa Wivine, binti wa Butembo, akapata watoto watatu. Mama yake, Kyakimwa, alibaki kilimani peke yake na shamba lake la viazi. Mara ya mwisho Sikuli kumwona ilikuwa mwaka 1950, siku walipomzika baba. Tangu hapo kila mwaka alisema atakwenda kiangazi, na kila kiangazi ndipo Wazungu walipokwenda kwao, kwa kuwa Julai ni majira mazuri huko Ulaya. Wao wakaenda, yeye akapigilia misumari.

Nilimsikia mara nyingi jioni akimsimulia Wivine habari za kwao: jinsi viazi vinavyonuka vikitoka kwenye majivu, jinsi mama yake alivyomwita kutoka upande wa pili wa bonde, na sauti ikachelewa kidogo kabla ya kumfikia. Alisimulia vizuri. Lakini mtu anayesimulia njia ya kwao kila jioni bila kuikanyaga ana kosa, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Mwaka 1954 alitengeneza sanduku kwa ajili ya mama yake. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilitia zinki ndani kana kwamba linavuka bahari. Aliweka mablanketi mawili mazito ya sufu, vitenge viwili, beseni la bati lenye maua mekundu, taa ya mafuta, sabuni na chumvi. Akalipigilia misumari kumi na sita, akalipandisha kwenye lori la Kataliko, Mnande mwenzake, mtu wa kabila lake, aliyekuwa akileta viazi na vitunguu kutoka Lubero. Akampa na barua, ili katekista amsomee mama. Iliandikwa hivi: “Mama, mizigo mizito imetangulia. Mimi nafuata baada ya wiki sita.”

Wiki sita zikapita. Bwana akasema kuna nyumba saba za kufungasha. Mwaka ukapita, wa pili na wa tatu. Kila Kataliko aliposhuka, Sikuli alimwuliza kama mama alifurahia vitu vile, na Kataliko akajibu, “Anakusalimia sana,” kisha akageukia magunia yake.

Mwezi wa Juni 1957, Sikuli alimkuta Kataliko sokoni akishusha vitunguu. Safari hii Kataliko hakugeukia magunia.

“Sikuli, leo nitakuambia neno, na usinikasirikie. Ile sanduku yako, mama yako hajaifungua.”

“Nini?”

“Hajaifungua. Misumari yako iko pale pale, miaka tatu.”

“Na mablanketi?”

“Mablanketi iko ndani. Mama yako iko inje, na baridi. Anakohoa tangu mvua ya Aprili. Nimemukuta amejifunika gunia ya viazi.”

Sikuli alikaa juu ya gunia. “Sababu gani hukuniambia?”

“Alinikataza. Alisema mutoto wake aliandika mizigo inatangulia na yeye anafuata. Mutu hafungui mizigo ya mutu ambaye bado iko njiani. Njo alisema hivyo. Na mimi nilichoka kukudanganya, ndugu yangu. Nilikuwa nakuletea salamu, na yeye hakutuma salamu. Alikuwa anauliza tu kama umeshapanda lori.”

Wapagazi waliokuwa wakishusha mizigo walikuwa wamesikia yote. Mmoja akacheka. “Fundi wa kurudisha Bazungu kwao! Wewe tukufungashe na nini, majani ya migomba ao zinki?”

“Mufungeni na zinki,” mwingine akasema. “Njia ya Lubero iko na bahari kubwa, hamuoni miaka saba hajaivuka?”

Walicheka wote isipokuwa Kataliko. Sikuli alinyanyuka akaenda nyumbani.

Wivine alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho.

“Papa, andika barua ingine,” akasema. “Umwambie afungue.”

“Hatafungua kwa barua. Barua njo iliifunga.”

“Basi enda.”

“Bwana atakubali?”

Wivine aliweka ungo chini. “Mimi nilikuuliza kama utaenda. Habari ya bwana sikuuliza.”

Asubuhi yake alikwenda kwa bwana kumwomba siku ishirini. Bwana hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha karatasi iliyokuwa ukutani: nyumba tisa kabla ya mwisho wa Julai.

“Watu hawa wanakwenda kwao, Sikuli. Wengine wana wazazi wazee wanaowangojea.”

“Hata mimi, bwana. Mama yangu ni mugonjwa.”

“Kwenu ni karibu. Unaweza kwenda Desemba, hata Januari. Ukiondoka sasa, nitaandika kwenye kitabu chako cha kazi kwamba umeacha kazi.”

Kila mfanyakazi wakati ule alikijua kitabu kile. Neno likiingia humo, mwajiri wa pili hulisoma kabla ya kumtazama mtu usoni.

Sikuli akarudi kwenye nyumba aliyokuwa akiifungasha, ya mpanda kahawa mmoja karibu na ziwa. Mke wa yule mpanda kahawa alikuwa akizunguka vyumba vitupu, akishika kitu hiki na kukiacha. Alitaka kwenda na vyote. Sikuli alikuwa amemzoea mtu wa namna hiyo, akamshauri kwa upole kama alivyowashauri wote: mashuka ya pamba ayaache, kwao yanapatikana, pasi ya makaa aiache, huko hakuna atakayeiwasha, lakini vikapu vya Masisi avichukue, kwa sababu ndivyo atakavyovitafuta akikumbuka huku, na hatavipata.

“Nina mama huko,” yule mama akasema ghafla. “Ana miaka sabini na mitano. Miaka mitatu sijamwona. Naogopa atakuwa amekuwa mdogo.” Akajifuta pua. “Na wewe, Sikuli, kwenu ni wapi?”

“Lubero, madame.”

“Ni mbali?”

“Siku mbili kwa lori.”

“Siku mbili tu!” Alimtazama kwa kijicho cha kweli. “Basi wewe una bahati. Bila shaka unakwenda kila mara.”

Sikuli aliinama akatafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

Alilimaliza sanduku lile. Alichomelea zinki, akabandika orodha, akapigilia msumari wa mwisho na kuusawazisha kwa kidole usije ukamkwaruza mtu. Kesho yake akapeleka kitabu cha kazi kwa bwana ili aandike anachotaka kuandika. Mimi ni mtu wa kuheshimu ahadi, na mkataba ni ahadi. Simsifu mtu kwa kuuvunja. Lakini Sikuli alikuwa na ahadi mbili, na ile iliyotangulia alikuwa ameivunja kila siku kwa miaka mitatu bila mtu kuiandika popote.

Alipanda lori la Kataliko siku ya Jumanne. Walipita Kibati kabla jua halijawa kali, wakangoja zamu yao kwenye mlima, ambako njia ni nyembamba na magari hupishana kwa zamu, wakalala Kanyabayonga. Sikuli alikuwa na nyundo, koleo, na bawaba mbili mpya za shaba ndani ya kitambaa. Lori lilipoanza kupanda tena na baridi ya kwao kumgusa masikio, alivua kofia.

Mama yake alikuwa mlangoni akimenya viazi. Hakusimama. Alimtazama mwanawe akipanda kilima mpaka akafika mbele yake, na mama alikuwa kweli amekuwa mdogo. Wakaongea kwa Kinande, lugha ya kwao.

“Umefika.”

“Nimefika, mama.”

“Wiki sita za Goma ni ndefu.”

Sikuli akapiga magoti akamshika mikono. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mama akamwacha aishike. Kisha akakohoa, kwa muda mrefu, akamwelekeza ndani kwa kidevu.

Sanduku lilikuwa katikati ya nyumba juu ya mawe manne, ili mchwa wasilifikie. Mbao zake ziling'aa kwa kufutwa. Sikuli alitoa nyundo palepale, lakini mama akamzuia.

“Kula kwanza. Vitu vimengoja miaka mitatu, haviozi kwa sababu ya kiazi kimoja.”

Akala. Ndipo akang'oa misumari, mmoja mmoja, akakata zinki. Hakuna kilichoharibika. Kioo cha taa kilitoka kizima ndani ya majani yake. Chumvi tu ndiyo iliyokuwa imeshikana. Mama alinusa blanketi.

“Linanuka tumbaku.”

“Ni kwa ajili ya nondo, mama.”

“Nondo wa wapi? Huku baridi iliwaua wote, nikabaki mimi.”

Akacheka mwenyewe, kikohozi kikamkatiza. Sikuli akamfunika mabegani, akamfunga kama alivyojua kufunga kitu kinachovunjika, na mama akajikunyata ndani ya sufu. Alipoona mwanawe analia, alimwambia aende akatie kuni motoni.

Alikaa siku kumi na nane. Aliezeka paa upya, akaziba nyufa ambamo ukungu ulikuwa ukipita. Kikohozi kikapungua, hakikuisha. Jioni moja Sikuli alimwomba mama waende pamoja Goma, Wivine amtunze, awaone wajukuu.

“Goma mnalima wapi viazi?”

“Hakulimiki, mama, ni mawe ya volkano. Viazi tunanunua.”

“Viazi vya nani?”

“Vya huku.”

“Basi niviache huku niende nikavinunue huko?” Akatikisa kichwa. “Walete wao. Sanduku lako lilijua njia, na wao watajifunza.”

Siku ya mwisho, Sikuli aliweka zile bawaba mbili juu ya kifuniko. Alitaka kuzifunga ili mama aweze kutoa kitu anapokihitaji, bila nyundo wala fundi. Mama alikuwa ameshatenga vyake: taa, chumvi, sabuni, beseni, kitenge kimoja na blanketi moja. Vingine alivirudisha ndani, akavipanga kwa mkono wake.

“Bawaba sitaki,” akasema. “Pigilia.”

“Mama, vitu ni vyako.”

“Hivyo nilivyotoa ni vyangu. Blanketi la pili ni lako, ukija usilale na baridi. Kitenge ni cha mke wako. Pigilia.”

“Na ikikuzidi baridi?”

“Nitavumilia kidogo.”

“Mama, sijui nitapata kazi gani Goma. Sijui nitarudi lini. Sitaki kukuandikia tena wiki sita.”

“Usiandike kitu. Bawaba hata jirani anaifungua. Misumari hii namjua mmoja tu anayejua kuitoa.”

Sikuli alitaka kubishana. Chini barabarani honi ya Kataliko ikalia, mara mbili. Alichukua nyundo. Mama akashika kifuniko kwa mikono yote miwili kisiteleze, uso wake karibu sana na wa mwanawe, akitazama kila msumari unavyoingia. Honi ikalia tena, kwa hasira sasa. Ilibaki misumari mitano. Sikuli hakuharakisha.