Wali wa Mchanga

Mjomba wangu alikuwa na sauti nzuri ya kuombea dua, na hilo ndilo lililotuponza. Mwenye sauti ile humtilii shaka. Mimi sikumtilia.

Lakini nianze na jirani yangu wa Korogwe. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepewa nusu ya nyumba, na nusu ya pili alikaa mama mmoja mwalimu wa hesabu kutoka India ya kusini. Hakuwa Mhindi wa duka kama tuliowazoea pale mjini. Alikuwa mweusi kunishinda, Mkristo asiyekosa kanisani, na Kiswahili alikisema mbiombio kama anayekimbizwa. Jioni, tukichambua mchele barazani, alinisimulia kwao, wilaya ya Kanyakumari, mwisho kabisa wa nchi yao, ambako bahari tatu hukutana na jua huchomoza majini na kuzama majini. Kulikuwa na maporomoko ambako familia nzima huenda kuoga na nguo zao mwilini. Kulikuwa na kaburi la walii wa Kiislamu ambako hata wasio Waislamu hupeleka maua. Na kulikuwa na hekalu la binti mungu, ambaye kipini chake cha puani kiling'aa mpaka manahodha wa zamani wakakidhania mnara wa taa, wakapasua meli zao mwambani. Ikabidi mlango wa mashariki ufungwe.

Nikamwambia huo ni uongo mtupu.

"Uongo wapi? Mlango nimeuona mimi kwa macho yangu. Umefungwa."

Binti huyo, alisema, alichumbiwa na mungu mkubwa. Wali ukaandaliwa, wageni wakakaa. Bwana harusi alitakiwa afike kabla hakujapambazuka. Miungu wengine hawakuitaka ndoa ile, basi mmoja wao akajigeuza jogoo akawika mapema. Bwana harusi akadhani kumekucha na saa imempita, akarudi zake. Binti yuko vilevile mpaka leo, anangoja. Wali ambao haukuliwa ukageuka mchanga, na watalii huununua ufukoni. Alikuwa nao kwenye kikopo cha poda. Nikaumwaga kiganjani: punje nyeupe, nyekundu na nyeusi, sawasawa na mchele.

"Na kwenu Handeni kuna nini cha kuona?" akaniuliza.

Niliona haya. Nikamwambia kwetu hakuna kitu, ni pori na vumbi. Alinikatalia kabisa, alisema hakuna nchi isiyo na kitu. Ndipo nikamtajia msitu wetu.

Likizo ilipofika nilimchukua hadi kwetu, upande wa Kwamsisi. Sisi ni Waislamu, tunafunga na kuswali, lakini msitu ule haukuwa na ugomvi na msikiti. Wazee wetu walizikwa humo, na hakuna aliyethubutu kukata hata mpini wa jembe. Mtunzaji alikuwa mjomba, maana kwa Wazigua wa zamani mambo ya ukoo hushikwa na mjomba. Tulipofika ukingoni yule mwalimu alivua viatu kabla hajaambiwa. Bibi yangu, mama yake mjomba, aliona. Tangu saa ile akawa anamwita mwanangu.

Jikoni kwa Bibi mwalimu akasimulia tena habari ya harusi, nami nikawa natafsiri kwa Kizigua. Mjomba alikuwa pale, anamenya muwa.

"Huyo jogoo alikuwa wa nani?" Bibi akauliza.

"Mungu mwenzake, Bibi."

"Basi alikuwa wa nyumbani. Jogoo wa mbali hamwamshi mtu."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu alimwachia Bibi kile kikopo, naye akakitia sandukuni pamoja na sanda yake.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Mimi sikuwa mpinzani. Nyimbo za ujamaa nilizifundisha darasani na niliziamini. Bibi naye hakukataa bomba wala zahanati. Alikataa kitu kimoja tu: kuzikwa kati ya watu asiowajua. Mama yake na mumewe walikuwa msituni, na watoto wake wawili.

"Waulizwe kwanza," alisema.

Kuulizwa kwetu kuna utaratibu wake. Jioni mtunzaji humwaga unga wa mtama chini ya mti mkubwa, unachongoka juu. Asubuhi mkikuta ncha imesimama, wazee wamekubali. Mkikuta umetawanyika, wamekataa, na hakuna mjadala. Mjomba aliumwaga mbele yetu sote. Asubuhi tulipokwenda ncha ilikuwa imesimama vilevile. Akainua mikono, na kwa sauti ile yake akasema wazee wametupa ruhusa, msitu utabaki kama ulivyo, na yeyote atakayefariki atarudishwa huku huku kwa watu wake. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alijitwika mchi wake akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Likizo iliyofuata, kabla ya kwenda kwa Bibi nilipitia msituni. Nilisikia mashoka kabla sijaona kitu. Lilikuwa linafunguliwa shamba la kijiji, na mjomba, aliyeujua kila mti kwa jina la marehemu aliyelala chini yake, ndiye aliyekuwa akionyesha upi uanze. Alikuwa mwenyekiti sasa, na shati la kijani. Nikamwamkia. Akaitikia bila haya yoyote.

"Mjomba, na ule unga?"

"Wa jioni? Mchwa waliumaliza wote. Nilikwenda alfajiri nikamwaga mwingine." Akacheka. "Usinikazie macho hivyo, mwanangu. Waliokataa wenzetu walichomewa nyumba, wakapakiwa kwenye malori kama magunia. Ulitaka mama yangu apakiwe?"

"Na msitu?"

"Msitu wakubwa wangeuona tu. Afadhali niwaonyeshe mimi." Halafu akasema, kama anayenisifu, "Na akili hiyo amenipa yule mwalimu wako. Ikiwa miungu ya kwao huwika kabla ya saa, mimi ni nani?"

Woga wake ningeweza kumsamehe. Malori yalikuwepo, hakuyatunga. Lakini mgeni alikuja na hadithi yake hadi jikoni kwetu, akatupa kwa moyo mmoja, na huyu mtu, huku anatafuna muwa, akaichukua kwenda kumdanganyia mama yake mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa kwa fahari.

Bibi nilimkuta kwenye nyumba mpya, anachambua mlenda. Nilimweleza yote. Ndugu zangu wengine wananilaumu mpaka leo, wanasema mzee habebeshwi mzigo kama ule. Sijali. Bibi aliniuliza swali moja tu.

"Na pale alipolala mama yangu?"

"Wameshafika, Bibi."

Aliendelea na mlenda wake mpaka ukaisha. Kisha akaniambia nimletee kikopo cha poda sandukuni.

Jioni mjomba alikuja kula, maana kila siku alikula kwa mama yake. Bibi alimnawisha mikono mwenyewe. Akamwekea sahani, imefunikwa kawa. Mjomba alikuwa bado anaongea habari za mkutano alipoifunua. Punje nyeupe, nyekundu, nyeusi.

"Mama."

"Kula, mwanangu. Ni wali wa harusi. Umepoa tu."

Kwetu chakula cha mama hakikataliwi. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake. Akachota kwa ncha za vidole, akatia mdomoni. Tulisikia meno yake yanasaga.

Bibi alikaa pale, anamtazama, wala hakumwambia basi.