Sarafu ya Baba Mkwe Niliyoisugua kwa Majivu

Hii aibu nimekaa nayo mwaka mzima nikidhani itaisha yenyewe, haijaisha, kila nikienda mnadani Katesh lazima mtu aniulize, "Mama Paulo, leo umesugua nini?" kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, mcheke mara moja, tuendelee na mambo mengine.

Kwanza mjue mikono yangu haitulii. Nilizaliwa hivyo huko Tumati, mama alikuwa ananipa maharage nichambue hata kama yameshachambuliwa, ili tu nyumba ipumue. Nikaolewa Gitting, kwa Wabarbaig, na kitu cha kwanza alichonifundisha mama mkwe ni kusugua bangili zake za shaba: majivu, limau, gunzi la mahindi, unasugua mpaka unajiona uso. Nilisifiwa kwa hilo kuliko kwa kupika (kwenye kupika tunyamaze).

Sasa, baba mkwe alikuwa na sarafu. Zamani alimpeleka Mmarekani mmoja Mlima Hanang, na wakati wa kuagana yule mgeni akampa sarafu ya dola moja, ya njano iliyopauka, upande mmoja mwanamke amebeba mtoto mgongoni, upande wa pili ndege mkubwa anaruka. Mzee aliipenda kwa sababu ya yule mwanamke, alisema kumbe na huko mtoto anabebwa kama kwetu. Akaiweka ndani ya kopo lake la ugoro, na kila aliyemwonyesha alimwambia mgeni aliikuta kwenye boksi la chakula cha asubuhi, na watu wakacheka, maana nani anaficha hela kwenye chakula? Na mimi nilicheka.

Siku moja niko na simu nikakutana na video ya mtu anaeleza sarafu za dola za Marekani. Kumbe serikali yao imejaribu mara kadhaa kuwazoesha watu sarafu, watu wakang'ang'ania noti zao, sarafu zikabaki zimelala benki na kwenye madroo, na nyingi mpaka leo thamani yake ni dola ileile moja, wala si dhahabu ingawa zinang'aa. Lakini za mwaka 2000, akasema, kuna chache ziliwekwa kwenye maboksi ya chakula cha asubuhi kama tangazo, na baadhi ya hizo manyoya ya mkia wa yule ndege yana mistari midogo ambayo nyingine hazina, na wakusanyaji wanazinunua kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Nikasimama, sikumaliza hata hiyo video.

Ningekuwa mtu wa kutulia ningenyamaza kwanza. Mimi kufika jioni nilikuwa nimemwambia mama mkwe, shemeji yangu, na majirani wa pande zote mbili. Na jambo lenyewe halikuwa dogo, maana ukame ulikuwa umemmaliza mzee, ng'ombe wa maziwa wote walikufa, akawa mtu wa kuletewa maziwa kwenye kikombe kutoka kwa wengine, na kwenye vikao alikuwa haongei tena. Shemeji akaenda mnadani kuchagua kabisa mtamba wa kununua kwa hela ya sarafu, kabla hata mnunuzi hajapatikana.

Mnunuzi alipatikana kupitia Daudi, kijana wa Katesh anayepandisha wageni mlimani. Alimtumia picha Mmarekani mmoja mzee, mkusanyaji wa sarafu, aliyekuwa anakuja kupanda, na jibu likarudi kwamba mkia hauonekani vizuri kwa uchafu lakini huenda ndiyo yenyewe, atapita kuiona akishuka. Baba mkwe akampa mama mkwe sarafu aniletee, na neno moja tu: "Mwambie mkwe aitunze." Miaka tisa niliyokaa kwenye mji wake hakuwahi kunikabidhi kitu.

Siku yenyewe Daudi alisema watafika saa nne. Saa nne nilikuwa nimefagia uwanja mara mbili na chai iko tayari, majirani wamekaa. Saa tano hakuna mtu, nikafagia tena. Saa sita chai imepoa, nikaipasha, nikatoka barabarani, nikarudi, nikakaa, nikasimama, mama mkwe akaniambia, "Kaa chini, unatuchosha macho." Nikaingia ndani, nikafungua kitambaa nilichofungia ile sarafu, nikaitazama. Chafu. Ugoro wa miaka umegandia hasa pale mkiani, penye bei. Nikajiuliza, mgeni atoke mbali kote huko tumpe kitu kichafu namna hii?

Mnajua nilichofanya. Majivu, limau, gunzi, na pale mkiani nikaongeza mchanga kidogo kwa sababu ugoro ulikuwa mbishi. Nilisugua mpaka saa nane, na kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo ukatulia. Ikawaka kama bangili ya bibi harusi.

Mgeni akafika na kilenzi chake na kidaftari. Kwanza akauliza kupitia Daudi jina la mwenye sarafu, anataka kuandika imetoka kwa nani, na mimi kwa mila ya pale sitamki jina la baba mkwe, nikabaki naangalia miguu yangu, mgeni akaanza kutilia shaka kwamba labda imeibwa, mpaka shemeji akalitaja huku majirani wanacheka. Nikasema basi, aibu ya leo imepita. Nikafungua kitambaa.

Yule mgeni hakuishika. Aliitazama, akamtazama Daudi, akauliza neno fupi.

"Anauliza nani ameisugua," Daudi akasema.

Mama mkwe akajibu kwa fahari kabla yangu: "Mkwe wetu huyu. Ana mikono."

Mgeni akaweka lenzi jichoni, akaichunguza muda mrefu. Daudi akatafsiri polepole: sarafu haisafishwi, uchafu wake wangeutoa wataalamu, na ile mistari ya mkiani ndiyo ilikuwa ushahidi, sasa pamekuwa laini. Labda ilikuwa yenyewe. Labda haikuwa. Hakuna atakayejua tena, na kwa hali hii ni dola moja. Majirani wakaanza kuondoka mmojammoja wakiniambia pole, na pole ile iliniuma kuliko kicheko.

Baba mkwe aliporudi jioni nikapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, baba. Nimekumaliza." Aliichukua sarafu, akaigeuza upande wa yule mwanamke, akaitia kwenye kopo.

Kwa wiki tatu hakusema na mimi, na mimi sikulala vizuri hata siku moja. Kisha mama mkwe akaja na shanga, katikati yake ile sarafu imetobolewa tundu kwa fundi wa bangili. "Mzee anasema haina bei tena, kwa hiyo ni ya mtu wa nyumbani," akanivalisha. Nililia mbele yake bila kujificha.

Mtamba hatujapata mpaka leo, na maziwa ya mzee bado yanatoka kwa jirani, nayapeleka mimi kila asubuhi. Naivaa hiyo sarafu. Imeshaanza kupauka tena, jasho na vumbi vimegandia kwenye nywele za yule mwanamke, na nikikaa bure vidole vinaniwasha. Siigusi.