Uthibitisho wa Uongo Nilioukariri

Siku ya kwanza niliingia ukumbi wa mihadhara na kalamu nne, rula ambayo sikuja kuitumia hata mara moja, na mimba ya miezi mitatu iliyojulikana na mume wangu na mamangu tu. Nilikuwa nimeitwa kusoma hesabu katika tawi la chuo kikuu kimoja cha umma hapa kisiwani. Jina lake silitaji. Watu huandika kumbukumbu za kazi wakishaota mvi. Mimi nimestaafishwa nikiwa na miaka ishirini na mbili, na cheti nilicho nacho ni kile cha kidato cha nne. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaojaza fomu za vyuo, mjue kazi yenyewe huwaje.

Kazi ya mwanafunzi wa hesabu si kujumlisha na kutoa. Hilo liondoeni kichwani. Mwaka wa kwanza, chini ya Mhadhiri wa Kalkulasi, bado mtu anapiga hesabu na kupata jibu. Huyo alikuwa mtu wa haki. Akikosea ubaoni na mtu akanyoosha mkono, alifuta, akasema ahsante, akaendelea. Nilijifungua wakati wa likizo, nikarudi, na nikadhani wote wako hivyo.

Mwaka wa pili ndipo kazi hasa ilipoanza: uthibitisho. Uthibitisho ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli daima, hatua kwa hatua, bila kuruka, hadi mtu anayekuchukia asome na akubali. Nilipenda hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Maisha yangu yote mambo huamuliwa na aliye mkubwa. Hapa, nikajiambia, hakuna mkubwa. Mjinga mimi.

Mhadhiri wa Uchambuzi, somo la huo uthibitisho, alikuwa mtu mzima wa suti, anayekuja na gari lake kutoka Kizingo, mtaa wa wenye nacho, na faili la kahawia kwapani. Hakufundisha. Alisoma imla. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka manjano; yeye anasoma, sisi tunaandika, na siku ya mtihani unamrudishia maneno yake vilevile. Mimi nilikaa mbele, karibu na mlango, ili nitoke kunyonyesha bila kuwakanyaga watu. Ndiyo sababu niliiona karatasi moja ambayo kona yake ilikuwa imeliwa na mende.

Kwenye kona ile zamani palikuwa na maneno. Masomo yenyewe ni kwa Kiingereza, lakini naweza kuwaeleza kwa lugha yetu. Mfuatano ni orodha ya namba isiyokwisha. Ukiwa na mipaka, namba zake hazipandi kupita kiwango fulani wala kushuka kupita kiwango fulani. Ukitulia, maana yake kadiri unavyoendelea ndivyo namba zinavyozidi kuisogelea namba moja. Vitabuni imeandikwa hivi: kila mfuatano unaopanda tu na wenye mipaka hutulia. Mende walikula "unaopanda tu na". Mhadhiri akasoma kilichobaki: "Kila mfuatano wenye mipaka hutulia." Wa mwaka uliotutangulia walikuwa wameandika hivyohivyo, madaftari yao niliyaona.

Nilirudi nyumbani Mji wa Kale nikamkuta mamangu barazani anakuna nazi. Binti yangu Nasra alikuwa ndiyo kwanza aanze kutembea. Alitoka baraza letu akaenda baraza la jirani ng'ambo ya kichochoro, akarudi letu, akaenda tena la jirani.

"Mama, mwangalie huyu," nikasema. "Hapiti kule wala hapiti huku. Sasa ametulia?"

"Atulie wapi! Huyo ni babako mtupu. Hatoki nyumbani, na kutulia hatulii."

"Mhadhiri wetu asema lazima atulie."

"Mhadhiri wenu ana wana?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Alichokifanya Nasra ndicho tunachokiita mfano kinzani, kitu kimoja tu kinachoangusha neno "kila". Kwa namba ni hivi: moja, hasi moja, moja, hasi moja, milele. Hakihitajiki kingine.

Wiki iliyofuata nikanyoosha mkono. "Daktari, nadhani hapo pana maneno yamepotea."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe si ndiye wa kutokatoka kwenda kunyonyesha?" Darasa likacheka. "Andika ninachosoma, mama. Ukipata digrii ya tatu njoo unisahihishe."

Mtihani ukaja, na swali la kwanza, lililobeba zaidi ya nusu ya alama zote, likawa lile: thibitisha kwamba kila mfuatano wenye mipaka hutulia. Nikaandika kwamba si kweli, nikatoa mfano wangu, nikaueleza mstari kwa mstari. Nikafeli. Walioandika imla walipita, na wengine wao hawajui hadi leo walichokiandika.

Nikapanda kwa Mwenyekiti wa Idara, mkubwa wa walimu wote wa hesabu pale. Nilikuwa nimeliandika upya jibu langu kwenye karatasi. Akalisoma, akarudia kulisoma.

"Ni sahihi," akasema polepole.

"Basi nipewe alama zangu."

"Anayefundisha ndiye anayesahihisha. Na mimi mwenyewe yule mzee amenifundisha. Nitamvunjiaje heshima?" Akanirudishia karatasi. "Una mtihani wa marudio. Ukianguka huo, unaondolewa chuoni. Mwandikie anachotaka, upite, uende zako. Wewe una mtoto."

Wewe una mtoto! Kana kwamba mtoto ni deni la kulipwa kwa uongo. Lakini maneno hayo yaliniingia. Kila siku baada ya alasiri nilikaa barazani nikaukariri uthibitisho ule wa imla, na hatua yake ya tatu, ambayo hairuki tu bali yaruka mchana watu wanaona. Mamangu akanisikiliza, akauliza, "Mbona wasoma kama unayenyweshwa dawa?" Nikamwambia aniache.

Siku ya marudio swali likaja lilelile. Nikaandika uongo wote, hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Nikafeli.

Nilikwenda idarani kudai maelezo. Kwenye ukumbi nikakutana na daktari mpya wa hesabu, mwanamke kijana, hajafika miaka thelathini na tano. Mhadhiri wa Uchambuzi, akaniambia, alikuwa amekwenda likizo ya matibabu, na karatasi za marudio alipewa yeye azisahihishe. Nikamtajia namba yangu ya mtihani.

"Aa, ni wewe," akasema. "Ule uthibitisho umeutoa wapi, dada? Swali lenyewe lina kosa. Niliamua yeyote atakayesema si kweli nimpe alama zote. Nikazipekua karatasi zile mara mbili. Nilikuwa namngoja mtu mmoja tu."

Nilipanda tena kwa Mwenyekiti nikamuuliza kama alijua karatasi zimebadilisha mikono. Akaanza kupanga kalamu zake juu ya meza. "Kanuni ni kanuni, mama," akasema. Barua ya kuondolewa niliipata wiki ileile.

Sasa nafundisha watoto wa shule huko Ganjoni, nyumba kwa nyumba, sehemu na desimali. Wenzangu wako mwaka wa mwisho. Nikipita karibu na chuo huvuka upande wa pili wa barabara. Mume wangu asema nisahau, nijaribu chuo kingine. Kwa cheti gani, na kwa moyo upi?

Mtatarajia niseme hasira yangu ni kwa yule mzee, au kwa Mwenyekiti. Ipo, na haijapoa. Lakini wao walinihukumu mara ya kwanza. Mara ya pili niliketi peke yangu na karatasi nyeupe, na jibu nilikuwa nalo, na mtu wa kulisoma alikuwako. Ningeliandika ningepita. Nililiacha kwa hiari yangu, na mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Hakuna hata mahali nilipofuta.