Siku Bonareri Alipoketi

Ukipita Gesima siku ya Jumamosi, kwenye njia ya kushukia mtoni, utamwona mama mmoja ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Miguu ameinyoosha, mikono imetulia mapajani, na hana analolifanya. Wapita njia humsalimu wakaenda zao. Kwao ni mama tu amekaa. Mimi kila nikimwona hivyo moyo hunipiga, ingawa sasa ni mwaka wa 1957 na mambo yenyewe yalitokea zamani, vita vya Wazungu vilipokuwa vimepamba moto. Mama huyo ni Bonareri, mke wa Obwocha. Obwocha ni kaka mkubwa wa mume wangu, na kati ya nyumba yao na yangu kuna migomba tu. Kama kuna mtu anayejua Bonareri alivyokuwa, ni mimi.

Hakuwa mtu wa kukaa. Sisemi alikuwa na bidii. Bidii hata mimi ninayo, nikitaka. Nasema hakukaa. Alikula amesimama. Alichambua mboga amesimama mlangoni. Ukimkaribisha kigoda alikishukuru, akakisogeza kando kwa adabu, akaendelea kusimama mpaka wewe uliyeketi ukaanza kuona haya. Usiku alilala kama watu wote, maana mwili una haki yake. Lakini jua likishachomoza, Bonareri na kukaa walikuwa paka na panya.

Sababu tuliijua, ingawa hatukuisema mbele yake. Mtoto wake wa kwanza alimwacha kwa mama mkwe, akaja harusini kwangu, nyumbani kwa baba yangu. Akaketi kula. Tonge la kwanza halijashuka, mtu akaja mbio na habari ya msiba. Wa pili, alikuwa ametoka kupalilia, akaketi kivulini chini ya ghala kupunga upepo, na habari ikamkuta pale pale. Tangu hapo akaapa kwamba mchana hautamwona ameketi tena. Wa tatu alimfia mikononi, naye amesimama. Mtu mwingine angesema, basi, kumbe kukaa hakuna neno. Bonareri alikumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa ameegemea ukuta.

Uchungu huo ungetosha, lakini walimwengu wana midomo. Mwanamke anayeingia nyumbani kwa watu akakataa kuketi huulizwa ana nini. Wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Kwetu Kisii neno hilo si la mchezo. Nyumba zimewahi kuchomwa kwa sababu ya neno hilo. Nami niliwajibu kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku hizo watu wa Sabato walikuwa wamejenga kanisa la nyasi kwenye mgongo wa kilima. Sikuwa na haja nao. Mimi ndiye niliyepika pombe bora ya wimbi kilima kizima, si majivuno, uliza. Na hao walikuja kutuambia pombe ni dhambi. Jumamosi moja Bonareri alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani, akasikia mhubiri anaeleza kwamba Yesu huwaita watu waliochoka na waliolemewa, awapumzishe. Alisimama mlangoni na kuni zake kichwani mpaka mahubiri yakaisha. Mama mmoja aitwaye Dorika akamtua ule mzigo. Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine pia, akisimama pale pale mlangoni. Mabenchi yalikuwapo. Hakuna aliyemlazimisha.

Nilimcheka. Niseme nini? Aliishika Sabato kuliko waliomfundisha. Hakushika jembe siku hiyo, hakusaga, hakuteka maji. Na kwa kuwa hakuwa na kazi wala hakutaka kukaa, alishinda akilizunguka ghala. Jioni miguu ilimuuma kuliko siku ya kupalilia.

"Mama Momanyi," aliniambia siku moja, "wanasema Nyasae alipumzika siku ya saba. Unadhani hakuogopa?"

"Aogope nini? Nani angemletea habari mbaya?"

Hakucheka. Aliwaza jambo hilo kwa siku nyingi.

Kisha akapata mimba ya nne. Obwocha alikuwa Kericho, kwenye mashamba ya chai ya Wazungu. Wimbi lilikwisha kuota, na kupalilia wimbi, kwa asiyejua, ndiyo kazi inayovunja viuno vya wanawake wa Gusii. Unainama kutwa ukichagua majani yanayofanana na wimbi lenyewe, na ukichelewa, mwaka huo watoto watakula upepo. Katikati ya msimu huo miguu ya Bonareri ikavimba, uso nao ukafura, na macho yakaanza kuona vimulimuli. Dorika akamwita Ratemo, dresa, yaani mhudumu wa wagonjwa pale misheni, kijana mpole mwenye sauti nzito. Ratemo alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Mama, ulale," akasema. "Mchana na usiku. Chumvi uache, jembe uache, mpaka ujifungue. Ukisimama namna hii, mtoto huyu atakwenda, na huenda ukamfuata."

Bonareri alimsikiliza amesimama. Dresa alipoondoka, alinitazama kama mtu aliyeshikwa pande zote mbili. Akilala mchana, mtoto atakufa. Ndivyo alivyojua yeye. Akisimama, mtoto atakufa. Ndivyo alivyosema dresa. Na shamba nalo je?

Nikamwambia nitampikia pombe, tuite risaga. Risaga ni kazi ya kulimiana: unaita majirani, wanakulimia kutwa, jioni wanakunywa, na wewe siku nyingine unarudisha jasho lao kwao. Lakini mwenye shamba lazima ainame pamoja nao. Kwetu watu wakikulimia nawe umelala, wanakuchimbia kaburi. Na pombe yangu, Bonareri hakuitaka tena.

"Basi Yesu wako akupalilie," nikamwambia, kwa hasira, maana niliogopa.

Jumapili asubuhi nilisikia nyimbo zikishuka kilimani. Nikatoka. Walikuwa wanawake wa Sabato, njia imejaa, kila mmoja na jembe lake, Dorika mbele. Nilikimbia nyumbani kwa Bonareri nione aibu itakavyomalizika. Nilimkuta ameshachukua jembe lake, anatoka, miguu ikipita mlangoni kwa shida. Dorika akalishika lile jembe.

"Hili nipe mimi. Wewe ingia ulale."

"Sina pombe ya kuwapa."

"Hatunywi. Umesahau?"

"Uji pia sina wa kuwatosha. Na nitawarudishia lini? Ninyi ni wengi."

"Hurudishi, mama. Hatukuja kukopesha."

"Yaya," Bonareri akasema, na yaya kwetu ni hapana isiyo na mlango. "Yaya, Dorika. Haiwezekani watu walime shamba langu na mimi nimelala. Mimi si maiti."

Dorika hakupandisha sauti. "Unafikiri alipoita waliochoka, alitaka kwanza warudishe kitu? Shamba ni letu leo. Kazi yako ni moja tu, kulala. Nayo najua ni ngumu kuliko yetu."

Wakaenda. Tukabaki wawili ndani. Bonareri alisimama kando ya kitanda. Alikishika, akakiachia, akakishika tena. Nimeona wanaume wakienda vitani, na sikuona woga kama ule. Mwishowe akaketi ukingoni, akajilaza kwa ubavu, akafumba macho na kunikamata mkono mpaka mifupa ikaniuma.

"Tazama mlango," akasema. "Kuna mtu anakuja?"

"Hakuna."

"Tazama tena."

Nikatazama. Kweli mtu alikuwa anakuja, na alikuja kwa haraka. Nyayo zilisikika uani. Bonareri akaacha kupumua. Mimi mwenyewe, mlevi wa kilima, nikajikuta namwita Nyasae kimoyomoyo.

Dorika akachungulia. "Samahani. Kibuyu cha maji kiko wapi? Jua ni kali."

Bonareri akafumbua macho. Akamwangalia Dorika, halafu mimi, halafu tumbo lake, akaweka mkono juu yake. Mtoto alikuwa anacheza. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kilio cha watoto watatu ambao hakuwahi kukaa chini awalilie. Kisha, kabla machozi hayajakauka, akalala usingizi. Mchana kweupe! Mkono wake ukalegea wenyewe katika mkono wangu.

Nilitoka kwa ncha za vidole nikaenda shambani kuwaambia amelala. Wanawake walikuwa wanaimba kwa sauti ya kupasua kilima, kama wapaliliaji wote waimbavyo, kwa sababu bila wimbo kiuno hakiinami. Dorika akainua mkono. Wimbo ukakatika. Wakaendelea kupalilia kimya, mstari mzima, hasikiki mtu ila vyuma vikigusa udongo. Ewe msomaji, wewe umewahi kuona wanawake wa Kisii wakipalilia kimya? Mimi sijawahi, kabla wala baada. Nilisimama ukingoni, nikajua kuna mtu mkubwa amepita pale nami sikumwona. Nilikuwa nimekuja kuona wakishindwa. Nikaenda nyumbani nikaleta jembe.

Walirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine tena, mpaka palizi ikafika mtoni. Bonareri alilala. Uvimbe ulishuka pole pole, na uso wake ukarudi kuwa uso. Alianza kula kwa hamu. Alisema maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia kinywani mwake, hata mizaha. Shingo yake iliyokuwa imekazika kama mpini ikalainika. Nilidhani nimemjua kwa miaka yote ile, kumbe nilijua woga wake tu.

Alijifungua wimbi likitoa vichwa. Ratemo alishinda naye kutwa nzima na tukasikia mtoto akilia kabla jua halijazama. Msichana. Bonareri alimnyonyesha, na mimi nilichungulia nione ananyonyesha vipi. Amekaa.

Jumamosi aliyompeleka mtoto kanisani, nilimsindikiza. Msiulize mengi; pombe niliacha baadaye sana, na kwa shida. Tuliingia watu wakiwa wamejaa. Mzee akataja wimbo wa kufungulia ibada, na kanisa lote likasimama, nami nikasimama. Nikageuka kumtafuta mlangoni, mahali pake pa siku zote. Hapakuwa na mtu.

Alikuwa benchi la katikati, mtoto amelala mapajani pake, macho yake yametulia mbele. Dorika aliyekuwa kando yake alinyoosha mkono ili amguse, amkumbushe kwamba wimbo huimbwa watu wakiwa wima. Kisha akaurudisha mkono taratibu. Tukaimba beti zote, kanisa zima tumesimama, na Bonareri ameketi.