Herufi zinaninyatia: nilivyopata msomaji wa mtihani nikiwa na miaka 36

Wakuu, heshima kwenu nyote humu ndani. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na chumvi sijatia. Makosa ya spelling mtanivumilia, mkisoma mtaelewa kwa nini.

Mimi ni mhudumu wa zahanati huku Masasi. Mwaka jana tukaambiwa asiye na cheti cha form four mkataba wake hauongezwi. Nilikuwa nimeshafeli mara mbili kama private candidate.

Tatizo si akili, jamani. Dawa zote pale nazijua kwa boksi na rangi. Tatizo ni maandishi. Herufi zinaninyatia. Mmeona paka anavyomnyatia ndege? Ukimtazama katulia, ukipepesa macho kasogea.

Darasa la pili, kule Lulindi, nilimwambia mwalimu hivyohivyo, "zinaninyatia." Akacheka, akamsimulia mama. Mama hakucheka. Alinitoa darasani siku ileile, nikakaa ndani wiki nzima. Sababu hakusema.

Tuendelee. Daktari wetu akanielekeza kwa Mwalimu Neema, mtu wa Bukoba, anafundisha elimu maalumu. Akanipa aya moja nisome, jasho likanitoka. Kisha akafunga kitabu.

"Kwenu nani mwingine yuko hivi?"

Wakuu, nilisimama niondoke. Swali hilo kwetu huuliza mganga!

"Kaa, Baba Zuhura," akasema. "Hali hii inaitwa disleksia, inafuata ukoo kama urefu. Naandika ripoti ili uombewe msomaji na muda wa ziada."

Nikapanda basi hadi Kitangari, kwa mama. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka mpaka mikorosho ya uani haionekani. Mama alikuwa anamimina maji kwenye pipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza lile swali. Akaacha kumimina.

"Nani kakutuma umtaje?"

Sikuwa nimemtaja mtu.

Ndipo akanieleza kuhusu kaka yake Issa, ambaye nimepewa jina lake. Alikuwa kijana, kusoma kulimshinda. Siku moja mkutanoni akapewa barua aisome mbele ya watu. Akaitazama, akasema, "Zinaninyatia." Akaiweka chini, akateremka bondeni kuelekea mto Ruvuma. Hakurudi, na maiti haikuonekana. Mimi nilizaliwa baadaye, na nyumbani neno hilo hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Ulipolisema shuleni," mama akasema, "nilijua amekuja kukuchukua."

Nilihisi kuna mtu kasimama kwenye ule ukungu, anasubiri tumalize kuongea. Mnicheke tu, niliogopa kweli.

Mama akanikataza mtihani kabisa. Tulibishana mpaka maji ya pipa yakatulia. Nikamwambia bila cheti sina kazi, na Zuhura ananitegemea. Mwishowe akasema, "Haya, liandikeni jina la kaka yangu kwenye huo mtihani. Lakini ukiogopa, kaa palepale. Usiinuke."

Ofisi ya elimu, afisa mmoja akagoma kutoa kibali. "Mahitaji maalumu ni ya wasioona. Wewe si unaona?" Mwalimu Neema alirudi pale mara tatu ndipo kibali kikatoka.

Mtihani nilifanyia Newala, chumba cha peke yangu, mimi na msomaji. Alipoanza kusoma, hakuna herufi iliyosogea. Nililia, sioni aibu kusema. Ila nilihisi mle ndani tuko watatu, na wa tatu anasikiliza kuliko mimi. Katikati ya swali msomaji aligeuka akatazama nyuma yake. Sikumuuliza kaona nini.

Nimefaulu, division four. Nikampelekea mama cheti, akataka nimsomee. Nikasoma kwa sauti, neno moja moja, na zilininyatia vilevile. Mama alinishika shati mpaka nikamaliza.

Nilichojifunza: mtoto akikwambia herufi zinasogea, usimcheke na usimfiche. Na mtu mzima, usaidizi kwenye mtihani ni haki yako, omba.

Karibuni mchangie. Na kama kuna mtu, upande wowote wa Ruvuma, anamjua mzee anaitwa Issa asiyekubali kushika karatasi, mwambieni ana mpwa Masasi. Mwambieni kile kitu kina jina, na dada yake bado yuko hai.