Sukari Iliposhuka

Kila asubuhi, kabla hajanywa chochote, mke wangu alininyooshea kidole. Nilimdunga, nikaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupima sukari, nikamsomea, maana macho yake hayakuona tena tarakimu ndogo.

"Haya, karani, leo nimepata ngapi?"

Alikuwa akinitania kwa kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Kwa miaka alifeli mtihani huo. Alimeza vidonge vya kliniki, alikula ugali wa wimbi asioupenda, alikunywa chai isiyo na sukari huku amekunja uso, na bado tarakimu zilikuwa juu.

Mimi ndiye niliyeleta mizizi ya dawa. Watu wa kanisani kwetu hapa mtaani Umoja husimulia kana kwamba tulitapeliwa, lakini hakuna aliyenifuata nyumbani. Nilikwenda mwenyewe hadi Njiru, kwa mama mmoja anayeuza magome na mizizi kando ya barabara ya Kangundo. Alinichanganyia magome ya aina kadhaa. Nilimuuliza kama yanaweza kumdhuru mtu.

"Mzee, wewe ulilelewa na nini? Si miti?"

Nilicheka, nikabeba. Ni kweli mama yangu, kwetu magharibi, alitutibu kwa majani. Lakini yeye alichuma jani alilolijua, akatunywesha kijiko kimoja, na tumbo likitulia aliacha. Mimi nilitia magome nisiyoyajua katika supu ya mifupa, nikachemsha sufuria nzima, nikampa mke wangu kikombe asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi.

Siku moja kliniki, muuguzi mmoja, msichana mpole, alimuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia? Hata ya miti shamba?"

Nikajibu mimi. "Hakuna."

Niliogopa kugombezwa mbele ya watu. Wengi wetu kwenye benchi lile tulijibu hivyo. Dawa za miti tulizisifiana wenyewe kwa wenyewe, na mlango wa daktari ukifunguka tulinyamaza. Mke wangu alinitazama, kisha akainamia mkoba wake. Tulipotoka nje akasema, "Umemdanganya mtoto wa watu."

"Ulitaka tugombezwe?"

"Mgonjwa ni mimi, mzee. Ungeniacha niseme."

Nikamwambia aharakishe, mvua inakuja.

Haukupita muda akaanza kujikuna, mikono, mgongo, hata nyayo. Mkojo ukakolea kama chai isiyo na maziwa. Chakula kikamchukiza. Nilimpigia simu yule mama wa Njiru, akasema ni uchafu unatoka mwilini. Jibu hilo lilinifaa, kwa sababu wakati huohuo sukari ilikuwa ikishuka. Ilishuka wiki hii, ikashuka zaidi wiki iliyofuata. Asubuhi moja nilisoma tarakimu ya chini kuliko zote, nikapiga makofi.

"Mama, leo umekuwa wa kwanza darasani!"

Hakucheka. Alikuwa ameloa jasho, na kidole kilikuwa bado mkononi mwangu kwa sababu hakuwa na nguvu za kukirudisha.

Nilimpa maji ya sukari, nikampigia simu binti yetu anayekaa Dandora. Alipofika alivuta pazia, akamshika mama yake kidevu.

"Baba, macho ya mama ni ya njano. Wewe huoni?"

Kila siku nilikuwa nimekaa karibu na uso ule kuliko mtu yeyote, nikitazama kimashine.

Hospitalini daktari alinieleza polepole. Ini ndilo ghala la sukari. Mtu akilala bila kula, ini humtolea akiba. Sukari haikushuka kwa kuwa kisukari kimepona. Ilishuka kwa kuwa ghala lilikuwa linabomoka. Aliniuliza alikuwa akitumia nini, na safari hii nikasema yote. Akasema kisukari chenyewe huchosha ini kwa miaka, na hawezi kuniambia ni gome lipi lililofanya nini. Lakini wangejua siku ile kliniki, wangemwachisha magome hayo na kulipima ini lake mapema. Siku ile lilikuwa bado la kuokolewa, alidhani. Sasa amelichunguza, na limekwisha kuharibika. Akatuambia tumrudishe nyumbani tukakae naye.

Ninaandika akiwa kwenye chumba cha nyuma, tumbo limejaa maji, miguu imekonda. Nimejaribu kumwomba msamaha. Huniambia nisimchoshe.

Daktari alisema asiachwe bila kitu tumboni, na kwamba sukari apewe. Kwa hiyo leo asubuhi nilimpikia chai ya maziwa kama tulivyokunywa zamani kabla ya ugonjwa, nikamwinua kichwa.

"Umetia ngapi?" akauliza.

"Vijiko viwili."

"Ongeza, karani. Umeninyima miaka yote."

Nikaongeza. Akaonja, akaiweka mdomoni kwa muda, akameza kwa shida.

"Haina utamu," akasema. "Umekoroga?"

Nilikuwa nimekoroga. Nikakoroga tena mbele yake, ili aone, hadi chai ikapoa.